Duka la dawa Ngamiani kwa wenye mgonjwa wa moyo, nyota nne

Kama una mgonjwa wa moyo nyumbani na umechoka kununua dawa usizozielewa, basi jaribu hili duka lililopo Ngamiani, Tanga mjini, ndani ndani kwenye zile barabara za namba. Mie namnunulia baba hapo tangu aliporuhusiwa hospitali, mishipa ya moyo ilikuwa imeziba, karatasi yake ina aspirini ile ndogo, klopidogreli, atovastatini na bisoprololi. Duka nililokuwa naenda mwanzo (silitaji) wanakufungia mfuko, kimoja asubuhi kimoja usiku, ukiuliza swali mtu anaangalia simu.

Hapa mfamasia ni kijana, anamwamkia mzee shikamoo kwanza ndo anafungua karatasi. Baba akamuuliza hii atovastatini, ile ya kushusha mafuta kwenye damu, nameza ya nini wakati kifua hakiumi tena. Akamwambia kuna utafiti unaitwa 4S, majibu yalitoka 1994, wagonjwa wa moyo 4,444 wa huko Uswidi, Norwei na jirani zao, nusu walipewa simvastatini ambayo ni ndugu wa hii ya kwake, nusu vidonge visivyo na dawa ndani, wakafuatiliwa miaka mitano na kitu, waliokufa upande wa vidonge vitupu ni 256, upande wa dawa 182. "Yaani mzee, kwa kila wagonjwa mia, wamekufa 8 badala ya 12." Hapo ndo aliponipata, maana hakusema ukimeza unapona wala hufi. Nikamchokoza, mbona hao wote Wazungu? Akakubali ni pengo kweli, ila utafiti mwingine wa dawa za jamii hii, HOPE-3 wa 2016, ulichukua watu wa nchi 21 na wengi si Wazungu, ingawa hao walikuwa bado hawajaumwa moyo.

Safari nyingine baba kaja na lake, miguu inauma anataka kuiacha hiyo dawa. Jamaa akatoa habari ya SAMSON, utafiti wa London wa 2020, watu 60 tu ambao wote walishaacha dawa za jamii hii kwa sababu ziliwasumbua. Wakapewa chupa za mwaka mzima, miezi minne dawa, minne vidonge vitupu, minne chupa haina kitu, imechanganywa hujui mwezi huu kidonge ni kipi, na kila siku unaandika kwenye simu unavyojisikia kwa alama, 0 huna tabu yoyote mpaka 100 hali mbaya kabisa. Miezi isiyo na kidonge wastani ulikuwa 8.0, kidonge kitupu 15.4, dawa yenyewe 16.3, yaani kitupu kinasumbua karibu sawa na dawa! Nusu yao baadae walirudi kumeza. Baba akanuna, kaona kama anaambiwa anajifanya, lakini kijana akamtuliza kwamba maumivu ni ya kweli, swali ni yanatoka wapi, na misuli ikiuma sana au mkojo ukiwa mweusi asisubiri, arudi kwa daktari haraka. Mzee anameza mpaka leo, kwa kulalamika lakini anameza.

Na wallahi huyu mtu hajui biashara. Jirani yetu alitaka vidonge vya mafuta ya samaki vya bei mbaya, akamwambia kwenye utafiti wa STRENGTH watu 13,078 walipewa omega-3, hayo hayo mafuta ya samaki, ya dozi kubwa na ukasimamishwa kabla ya muda maana faida haikuonekana, hela hiyo nenda soko la samaki Deep Sea kanunue samaki mwenyewe.

Sasa ubaya. Foleni, kwa sababu anaongea na kila mtu, aliyefuata Panadol atakoma. Benchi moja. Bima hawapokei, na klopidogreli yao iko juu kidogo kuliko kwengine, saa ingine inakuwa imeisha kabisa, kwa hiyo usingoje kidonge cha mwisho. Risiti mpaka udai. Ijumaa mchana usiende, wanafunga na kufungua ni wanavyojisikia. Asubuhi mapema ndo kuzuri, na karatasi ya daktari uwe nayo mkononi, bila hiyo hakupi hata umlilie.