Bakuli la kuku la Kigiriki: makopo mawili ya mtindi, matokeo mawili

Ndani ya wiki tatu nimepika bakuli la kuku la Kigiriki mara nne, na kilichoniharibia mara ya kwanza hakikuwa kuku. Ni mtindi. Kwenye chakula hiki mtindi unafanya kazi mara mbili, unalainisha nyama na ndio unaotengeneza tzatziki ya juu (mchuzi mzito wa mtindi, tango na saumu), kwa hiyo ukikosea kopo umekosea chakula kizima. Ndiyo maana tathmini hii ni ya mtindi zaidi ya kitu kingine.

Kopo la kwanza liliandikwa kwa herufi kubwa "mtindo wa Kigiriki". Nilipolifungua nilifurahi, kijiko kilisimama wima. Nikachanganya na tango na kitunguu saumu, nikaweka kwenye friji, nikageukia kuku. Niliporudi kulitoa, maji yalikuwa yamejikusanya pembeni na katikati yamebaki madonge yanayoteleza kama uji uliopoa. Hapo ndipo nikageuza kopo na kusoma: maziwa, wanga wa mahindi, jelatini. Ule uzito ulionidanganya ulitoka kwenye wanga. Protini, gramu 4 kwa kila gramu 100, sawa tu na mtindi wa kawaida. Niliudhika, kwa sababu neno "Kigiriki" ndilo lililonifanya nilichukue.

Kopo la pili lilikuwa na viambato viwili pekee: maziwa na bakteria wa kugandisha mtindi. Huu ni mtindi uliochujwa, yaani maji yake yametolewa hadi ukabaki mzito wenyewe, na protini ilikuwa gramu 9. Ladha yake ni chachu kidogo, safi, haiachi utando mdomoni. Tzatziki niliyoitengeneza usiku ilikuwa bado imeshikana mchana wa kesho yake. Tangu siku hiyo sisomi tena jina lililo mbele ya kopo. Nasoma viambato na mstari wa protini.

Kuku natumia mapaja yasiyo na mfupa. Kidari kinafaa pia, ila kinakauka ukikigeuzia mgongo dakika mbili. Kwa nusu kilo naweka vijiko vitatu vikubwa vya mtindi, punje tatu za saumu zilizopondwa, maganda ya limau yaliyokunwa, maji ya nusu limau, kijiko kidogo cha oregano kavu, pilipili manga na mafuta ya zeituni. Oregano iwe kavu kweli, uifikiche viganjani juu ya bakuli mpaka harufu ikupande puani. Nyama inakaa kwenye friji saa 4 au usiku kucha. Asidi ya mtindi ni ya upole, inalainisha taratibu. Limau likizidi, nyama kwa juu inageuka kuwa kama unga.

Kabla ya kukaanga, futa mtindi uliozidi. Mara ya pili sikufuta, kikaango kikajaa maji na kuku akachemka badala ya kukaangika. Sasa nafuta, nasubiri kikaango kipate moto hasa, naweka nyama na siigusi. Inajing'oa yenyewe ikishapata rangi ya kahawia yenye madoa meusi kwenye kingo. Nachoma kipimajoto sehemu nene zaidi, kikisoma nyuzi 74 za Selsiasi natoa, naiacha ipumzike dakika tano ndipo naikata.

Tango nalo lina adabu yake. Ninalikuna, nalinyunyizia chumvi kidogo, naliacha dakika kumi, kisha nalifunga kwenye kitambaa safi na kukamua kwa mikono miwili. Tango moja refu linatoa maji ya kijani karibu nusu kikombe. Endelea kukamua hata ukidhani yameisha, yapo. Linalobaki ni tonge linaloenea kiganjani, ndilo linaloingia kwenye mtindi pamoja na saumu, mafuta ya zeituni na mnanaa au bizari ya majani.

Mboga sina maelezo mengi: nyanya zilizoiva, tango, kitunguu chekundu, zeituni nyeusi, vyote vikatwe vipande vikubwa. Saladi ya Kigiriki ya kijijini, horiatiki, haina majani ya saladi, na nimegundua bakuli linapendeza zaidi bila hayo. Chini naweka bulga, yaani ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa, kwa sababu inafyonza maji ya nyanya bila kulegea.

Ninapokuwa mwangalifu ni kwenye feta, jibini nyeupe ya Kigiriki yenye chumvi. Mama yangu ana presha na nakaa naye, kwa hiyo chumvi naihesabu. Gramu 100 za feta hubeba kati ya gramu 2 na 3 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku. Zeituni nazo zimelala kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo kuku simtii chumvi kabisa, zeituni nazisuuza, na feta naiweka kwenye maji baridi dakika kumi, kisha namwekea mama kipande kidogo cha kuvunjavunja juu. Mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, umesahau chumvi?" Alipofika kwenye feta akanyamaza, akala. Ukipata feta halisi ya Ugiriki, iliyotengenezwa kwa maziwa ya kondoo, au ya kondoo yaliyochanganywa na ya mbuzi kidogo, chukua hiyo. Ladha yake ni kali kuliko jibini nyeupe ya maziwa ya ng'ombe, hivyo kidogo kinatosha.

Kopo la kwanza sitalirudia. La pili nimeshalinunua mara tatu. Na wiki lilipokosekana, nilichukua lita moja ya mtindi wa kawaida usio na sukari, nikaumimina kwenye kitambaa juu ya chujio, nikauacha kwenye friji saa 5. Ulipungua karibu nusu, na tzatziki yake ilishikana vizuri kama ya kopo. Yale maji yaliyochujika sikuyamwaga, nilikandia unga wa mkate wa kulia hilo bakuli.