Sanduku la Filamu za Charlie Chaplin: Diski Kumi za Kusikilizwa, si za Kutazamwa tu

Nilinunua sanduku hili mwezi uliopita katika duka dogo linalouza filamu na vitabu vilivyotumika, karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, kwa shilingi 2,500. Ndani yake mna diski kumi, na kila diski ina filamu ndefu moja ya Charlie Chaplin, kuanzia The Kid ya mwaka 1921 hadi A King in New York ya mwaka 1957. Nimezitazama zote, nyingine mara mbili, nyumbani kwetu Mji wa Kale, pamoja na nyanya yangu ambaye hajui Kiingereza na watoto wawili wa dada yangu. Wengi wetu hapa mjini tunamjua Chaplin kwa vipande vya dakika mbili vinavyosambazwa kwenye simu, na naona vipande hivyo vimemdhulumu. Vinatuonyesha mtu anayeanguka na kupigwa teke, basi, ilhali mtu huyo aliandika, aliongoza, alihariri na kuigiza filamu zake, na tena, jambo ambalo kwangu ndilo linalolipa sanduku hili thamani yake, alizitungia muziki yeye mwenyewe.

Vipande vya simu hubandikwa muziki wowote wa kinanda, wa haraka haraka, usiohusiana na kinachotendeka. Katika diski hizi tunausikia muziki alioutaka mwenyewe. Chaplin hakujua kuandika noti za muziki. Alipiga fidla kwa mkono wa kushoto, nyuzi zikiwa zimegeuzwa, na kila alipopata tuni aliivumisha au kuipapasa kwenye piano mbele ya mwanamuziki aliyesomea kazi hiyo, naye akaiandika. Watu wa pwani waliokulia kwenye taarabu, ambako fidla hufunzwa kwa sikio na wapigaji hodari wasiosoma noti si ajabu, watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Tuni ya Modern Times ya mwaka 1936 ilitiwa maneno mwaka 1954 na kuimbwa na mwimbaji wa Marekani Nat King Cole kwa jina la Smile; nyanya aliitambua mara moja kutoka redioni, ingawa hakuwahi kujua kwamba mtunzi wake ni huyu mwenye bakora na viatu vilivyomzidi miguu.

Filamu iliyotushika zaidi ni City Lights. Ilitoka mwaka 1931, wakati filamu za kusema zilikuwa zimekwisha kuteka soko, lakini Chaplin alikataa kumpa sauti hohehahe wake, yule mhusika mwenye bakora na viatu vikubwa, akaitumia teknolojia mpya kwa muziki na milio tu. Hohehahe anampenda kipofu muuza maua, anahangaika kumtafutia pesa za matibabu ya macho, anafungwa jela, na anapotoka anakutana na msichana huyo akiwa ameshapata kuona. Msichana hamjui kwa sura, anamjua kwa kuushika mkono wake. Fidla zinapanda taratibu, kisha zinajizuia, kana kwamba mtunzi aliogopa kumwambia mtazamaji alie. Nyanya aliniuliza, "Mbona hasemi kitu, nami namfahamu yote?" Sikuwa na jibu bora kuliko swali lake.

Kijitabu kilichomo sandukuni kina kurasa mbili tu na hakisemi lolote la maana kuhusu utoto wa msanii, kasoro ambayo naiona kubwa, kwa sababu The Kid haifahamiki sawasawa bila utoto huo. Chaplin alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889 na kukulia kusini mwa London katika ufukara. Baba na mama yake wote walikuwa waimbaji wa majukwaani. Baba aliitupa familia na kufa kwa ulevi mwaka 1901, mama naye alipoteza sauti, kisha akili, akawa anaingia na kutoka hospitalini. Mtoto wa miaka saba alipelekwa katika nyumba ya serikali ya mafukara. Baadaye alijiunga na kikundi cha watoto waliocheza ngoma kwa viatu vya mbao, kisha akawa mchekeshaji katika kampuni ya maigizo ya Fred Karno, iliyompeleka Marekani. Huko alianza filamu kwa dola 150 kwa wiki, na kufikia mwaka 1916 mkataba wake ulikuwa wa dola 670,000 kwa mwaka. Kwa hiyo, katika The Kid, pale maofisa wanapokuja kumnyang'anya hohehahe yule mtoto aliyemwokota, na Jackie Coogan, anayemwigiza mtoto huyo, akinyosha mikono na kulia ndani ya gari, anayeigiza anakijua anachokiigiza. Mwana wake wa kwanza alikuwa amefariki mwaka 1919 akiwa na siku tatu tu, muda mfupi kabla ya kuanza kazi hiyo. Watoto wa dada yangu, ambao walikuwa wakicheka tangu mwanzo, hapo walinyamaza.

Kuhusu The Gold Rush nina lalamiko. Sanduku lina toleo la mwaka 1942 tu, ambalo Chaplin alilitia masimulizi kwa sauti yake na kuondoa maandishi ya katikati ya picha, wala si lile la awali la mwaka 1925. Anayejua Kiingereza atafurahia masimulizi hayo; kwa nyanya yalikuwa kelele juu ya kitu ambacho tayari alikielewa. Filamu za kusema nazo zina tatizo lake, kwani hakuna maandishi ya Kiswahili hata katika diski moja. The Great Dictator ya mwaka 1940 ilisalimika kwa sababu ya ngoma ya dikteta na tufe la dunia na kinyozi anayenyoa kwa mapigo ya muziki wa Brahms, ingawa hotuba ya mwisho ilinibidi niitafsiri sentensi kwa sentensi. Monsieur Verdoux ni maneno matupu kwa asiyejua lugha, nasi tuliiacha nusu.

Diski ya The Circus ilikuwa na mikwaruzo na iligoma katikati. Mwenye duka aliibadilisha, lakini baada ya mimi kurudi mara tatu.

Diski zimepangwa bila kufuata miaka. Nashauri zitazamwe kwa mpangilio wa miaka, ili Limelight ya mwaka 1952 ije mahali pake: mchekeshaji mzee aliyesahauliwa na watazamaji, filamu iliyotengenezwa na mtu ambaye, alipokuwa baharini kwenda kuizindua London, Marekani ilimfutia kibali cha kurejea. Alihamia Uswisi. Muziki wa filamu hiyo ulipewa tuzo ya Oscar mwaka 1973 tu, kwa kuwa hadi 1972 ilikuwa haijawahi kuonyeshwa Los Angeles, na bila hivyo haikustahili kushindania tuzo hiyo.

Diski moja tu naomba iachwe hadi mwisho bila kujali mwaka wake. A Woman of Paris ni ya mwaka 1923, na Chaplin anapita humo kwa sekunde chache tu akiwa mchukuzi wa mizigo, lakini muziki wake aliutunga mwaka 1976, akiwa na miaka 87, mwaka mmoja kabla ya kufariki siku ya Krismasi ya 1977. Nyanya alisinzia. Mimi niliisikiliza hadi mwisho, na siku iliyofuata nilikwenda kuazima spika kubwa kwa jirani ili niirudie, kwa sababu spika za televisheni yetu zilikuwa zikizimeza fidla za chini. Atakayelinunua sanduku hili na ajaribu kila diski palepale dukani kabla ya kulipa, kisha atafute spika nzuri.