Samani za paleti kutoka karakana ya Tabata: benchi la kununua, sanduku la mboga la kuacha

Karakana ninayoizungumzia ipo Tabata, Dar es Salaam, haina kibao, na majirani huielekeza kwa kusema "kwa wale wa mapaleti". Hununua paleti zilizokwisha kazi, yale majukwaa ya mbao yanayopangiwa mizigo, kutoka kwenye maghala na viwanda vya upande wa Barabara ya Nyerere, huzibomoa, kisha huzigeuza kuwa mabenchi, meza fupi, vitanda na masanduku ya kupandia mboga. Niliagiza benchi la barazani, meza yake na sanduku moja la mboga, nikavitumia tangu kiangazi hadi masika yakaisha, na tathmini hii inatokana na matumizi hayo, kwa sababu katika picha za mtandaoni kila benchi la paleti huonekana limetoka kupakwa vanishi asubuhi ile.

Kilichonifanya niwaamini ni uangalifu wao katika kuchagua mali. Paleti ya mbao inayovuka mipaka ya nchi hutakiwa kuwa na muhuri wa kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002 ili wadudu waharibifu wa misitu wasisafiri pamoja na mizigo. Muhuri huo una picha ya shuke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, namba ya mtengenezaji na herufi zinazoeleza jinsi mbao ilivyotibiwa. HT maana yake ilipashwa joto mpaka kiini chake kikakaa kwenye nyuzijoto 56 kwa dakika 30 mfululizo. MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ambayo matumizi yake yamebanwa na Itifaki ya Montreal kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Fundi mkuu alinionyesha rundo la paleti zenye MB, pamoja na nyingine zilizolowa madoa ambayo hakuna aliyejua ni ya nini, ambazo wao huzitumia kulazia mbao nzuri zisiguse ardhi. "Hizi, dada, hata nikipewa bure siziingizi ndani ya nyumba ya mtu," alisema. Paleti isiyo na muhuri huichukua tu ikiwa muuzaji anaweza kueleza ilibeba nini. Ya vigae inapita, ya dawa za mashamba inarudishwa.

Kijana anayepokea wateja, hata hivyo, huwaambia watu kwamba paleti ya HT haishikwi na mchwa. Hilo si kweli. Joto huua kilichokuwamo ndani ya mbao siku ile, wala haliachi kinga yoyote baadaye, na paleti nyingi ni za paini, mbao laini ambayo mchwa wa Dar es Salaam huimaliza bila haraka wala shida. Dawa ya mchwa wanayo na huipaka vizuri kabla ya vanishi, lakini ni lazima uiombe, na unaongeza fedha. Kwa maoni yangu ingekuwa sehemu ya bei tangu mwanzo.

Ubora wa kazi yao unaonekana katika ubomoaji, hatua ambayo mafundi wengi huiharakisha. Paleti ya kipimo cha Ulaya, yenye milimita 1,200 kwa 800, ina mbao 11 na vipande vinene 9, vyote vikiwa vimeshikwa na misumari 78, na misumari hiyo imetengenezwa ili isitoke: ukiilazimisha kwa mtaimbo, ubao hupasuka nchani kabla msumari haujasogea. Hapa hawang'oi, hupitisha msumeno wa umeme wenye meno membamba kati ya ubao na kipande kinene, wakaikata misumari humo humo. Ubao unatoka mzima, ila vichwa vya misumari hubaki ndani yake, na fundi akisahau kimoja, kisu cha randa kinaharibika. Kwenye sehemu ya kukalia ya benchi langu kila kichwa kilitolewa na tundu likazibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kazi safi ambayo ukipitisha kiganja huihisi. Upande wa chini vichwa viliachwa, na kufikia mwisho wa masika kila kimoja kilikuwa kimezungukwa na doa la kutu lenye upana wa kitufe cha shati.

Mbao za paleti hiyo ya Ulaya huwa na unene wa milimita 22, na zikishapita kwenye randa na msasa hupungua, kwa hiyo zinahitaji kushikiliwa kwa ukaribu. Kwenye benchi waliweka mhimili wa tatu katikati, na watu wazima watatu wanakaa bila mbao kushtuka. Mezani hawakuuweka, na ndoo ya maji ikiwekwa katikati unaona mbao zikinesa. Mito ya sponji huagizwa kwa jirani yao. Ni ya kawaida.

Sanduku la mboga silipendekezi. La kwanza lilikuja limepakwa oili chafu ndani na nje, kama zinavyopakwa nguzo za uzio, na oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya metali na sumu nyingine ambazo hazipaswi kukaribiana na mchicha utakaoliwa. Nililikataa, wakatengeneza jingine bila ubishi, likiwa na nailoni iliyotobolewa ndani. Lakini lilikaa moja kwa moja juu ya udongo, na masika yalipokwisha mbao za chini zilikuwa zimelainika na mchwa wameshaanza kazi. Anayelitaka aagize lenye miguu, tena alipandishe juu ya matofali.

Benchi lilikuwa shilingi 150,000, meza 80,000 na sanduku 45,000, mbali na nauli ya kirikuu. Kwa benchi la mninga la urefu huo huo, Keko nilitajiwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo, na kwa baraza yenye paa sioni sababu ya kulipa tofauti hiyo. Kwa uwanja usio na kivuli ningelipa. Mzigo ulichelewa, jambo ambalo mteja yeyote wa mafundi wa mji huu ameshalihesabia. Wanachukua nusu ya fedha wakati wa kuagiza na nusu ya pili mzigo ukishashushwa, na kabla ya kuitoa hiyo ya pili ni vyema kulipindua benchi, kuhesabu mihimili, na kuwataka wavitoe vichwa vya misumari vya upande wa chini wakati fundi na vifaa vyake bado wapo mbele yako.