Matairi ya Vitz: ukitaka kimo, kinunue kwenye mpira

Vitz tunayoipima hapa ni ya kizazi cha pili, iliyouzwa Japani kuanzia 2005 hadi 2010: KSP90 yenye injini ya cc 996 na SCP90 ya cc 1,296. Zimejaa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na hufikishwa dukani na ombi moja: wekeni tairi litakaloinua gari, tumbo lisiguse matuta. Ombi ni la haki. Jibu analopewa mteja mara nyingi si sahihi, kwa sababu muuzaji huangalia namba ya kwanza ya saizi na kuiruka ya pili.

Vitz nyingi zilitoka kiwandani na 165/70R14 kwenye rimu ya chuma. Nyingine zilikuja na 175/65R14, na za daraja la juu zikapewa 185/60R15. Chukua hiyo ya kwanza: 165 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 14 ni rimu kwa inchi. Ubavu basi ni mm 115.5. Uhesabu mara mbili, wa juu na wa chini, kisha ongeza rimu ya mm 355.6. Unapata kipenyo cha mm 586.6. Ukibadilisha saizi, gari hupanda au hushuka kwa nusu ya tofauti ya vipenyo. Hesabu hii inamalizika kwenye simu kabla muuzaji hajashusha tairi kutoka juu ya shelfu.

Anza na 175/65R14, kwa sababu ndilo analouziwa mtu aliyesema "nataka pana kidogo, gari ipande". Haipandi. Kipenyo chake ni mm 583.1, kwa hiyo gari linashuka karibu mm 2. Lenyewe kama tairi, halina kosa. Linakaa vizuri kwenye rimu ileile ya chuma, linabeba kilo 475 kwa namba 82 iliyoandikwa ubavuni, na kwa anayekwenda kazini kwa lami na kurudi kwa lami linashika barabara kuliko 165. Faida nyingine ni kwamba aina zake ni nyingi: Ecopia EP150 ya Bridgestone ipo kwa saizi hii, na matairi ya Kichina yamejaa. Mwenye kulinunua asitegemee tu kwamba tuta lililokuwa linagusa bomba la moshi jana litaacha kesho.

Tunalolipa alama za juu ni 175/70R14. Tofauti na lililotangulia ni tano tu kwenye namba ya pili, lakini kipenyo ni mm 600.6. Gari linapanda mm 7, na zote zinatokana na mpira, kwani ubavu unafika mm 122.5 na rimu haijaguswa. Ubavu mrefu ndio unaokunja tairi likiingia shimoni kabla ukingo wa shimo haujafika kwenye chuma. Uzito linalobeba, namba 84, ni kilo 500 kwa tairi, wakati 165/70R14 yenye namba 81 ni kilo 462. Kwa Vitz inayobeba watu watano na magunia nyuma, nafasi hiyo si ya kupuuzwa.

Lina mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza nafasi ndani ya fenda. Fundi akishafunga tairi moja la mbele, kata usukani hadi mwisho kulia, rudi nyuma mita mbili tatu, kisha fanya hivyo kushoto. Rudia ukiwa na watu wawili viti vya nyuma. Likigusa, kwa kawaida hugusa plastiki ya ndani ya fenda, na mara nyingi mkosaji ni klipu zilizokatika zikaiacha plastiki ining'inie. Klipu mpya zinamaliza tatizo. Ikiwa springi zimelegea na gari limekaa chini upande mmoja, tengeneza springi kwanza. Tairi kubwa haliponyi springi. Pili ni mita ya mwendo. Kipenyo kimeongezeka asilimia 2.4, hivyo ukilinganisha na tairi la kiwandani, mshale ukisimama kwenye 50 gari linakwenda 51 na kidogo. Mita za Toyota kwa kawaida husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo tochi ya trafiki haitakukamata kwa hilo pekee.

185/65R14 tunalitaja kwa kupita. Linainua karibu mm 5, ni zito zaidi na usukani unalisikia. Nunua ikiwa 175/70R14 haipatikani mji uliopo, basi.

Sasa rimu 15, ambapo pesa nyingi hupotea. 185/60R15 ni saizi halali ya Vitz; kiwanda chenyewe kiliitumia, na kwenye lami ndefu kama ya Chalinze hadi Dodoma gari linatulia kuliko kwenye 14. Kipenyo ni mm 603, gari linapanda mm 8. Mwenye gari anafurahi. Lakini tazama kimo hicho kimetoka wapi: ubavu umeshuka hadi mm 111, pungufu ya ule wa 165/70R14. Kilichokuinua ni chuma. Ukiingia shimoni, mpira unabanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku chache tairi linatoa nundu ubavuni. Nundu haizibwi wala haisubiriwi. Hilo si tairi tena. Gharama nayo ni ya mara mbili, rimu nne na tairi nne, na injini ya cc 996 inasikia uzito huo kila inapoanza mwendo, sembuse mlima Kitonga. Kama gari lilikuja nazo, baki nazo. Kununua rimu 15 ili upate kimo ni kulipa zaidi ya mwenye 175/70R14 kwa milimita moja.

Rimu 16 yenye 195/45 inakuachia ubavu wa mm 88, na rimu 17 yenye 205/40 mm 82. Kwa maonyesho ni sawa. Kwa barabara ya kuingia mtaani kwako, iliyochimbwa bomba la maji na kufukiwa kwa mchanga, si sawa. Upande wa pili wapo wanaofunga 185/65R15 lililotoka kwenye gari kubwa zaidi, la mm 621.5. Hapo mita inakosea karibu asilimia 6 na tairi linakwaruza fenda kila ukipakia. Wengine huongeza spesa, kipande cha kuinua gari, juu ya springi ili lienee. Spesa inainua bodi kweli, ila inabadilisha mkao wa magurudumu ya mbele na pembe ya ekseli, na ukishaiweka, alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, si hiari.

Ukiamua kununua rimu za sport hata hivyo, saizi ya inchi ni sehemu ndogo ya habari. Vitz ina nati nne kwenye duara la mm 100, na tundu la katikati ni mm 54.1. Rimu nyingi za mtumba zina nati nne na duara hilohilo la 100, ndiyo maana muuzaji anasema "hizi zinaingia". Zinaingia, ndiyo. Za Honda Fit zina tundu la mm 56.1, za Nissan March ya K12 mm 60.1, na za kutengenezwa kwa gari zote mara nyingi mm 67.1 au 73.1. Rimu isiyokaa juu ya kitovu cha gari, kile kinachoingia kwenye tundu la katikati, inaning'inia kwenye nati, haikai katikati sawasawa, na usukani unatetemeka kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa hata ukipiga balansi mara tatu. Dawa ni pete ya katikati, ya plastiki ngumu au alumini, yenye kipimo cha ndani 54.1 na cha nje sawa na tundu la rimu. Ni kitu cha bei ndogo kinachosahauliwa.

Angalia pia namba iliyogongwa nyuma ya rimu baada ya herufi ET, ambayo kwa milimita inaonyesha gurudumu litakaa ndani au nje kiasi gani. Kwa Vitz tafuta kati ya 38 na 45. Ikiwa 20, gurudumu linatoka nje karibu sentimita mbili, linarusha matope mlangoni, linakwaruza fenda, na beringi inabeba mzigo usio wake. Nati ni za M12, yaani mm 12, yenye pichi (umbali kati ya uzi na uzi) ya mm 1.5. Rimu ya chuma na rimu nyingi za sport zinataka nati yenye mdomo wa koni. Baadhi ya rimu za alumini za Toyota zinataka nati ya bapa yenye washa. Ukichanganya, nati inagusa sehemu ndogo tu ya rimu na inalegea njiani. Kaza kwa mfuatano wa msalaba, Nm 103 kama kuna spana yenye kipimo. Kama hakuna, kaza kwa wili spana ya gari na nguvu ya mkono, bila kuipanda kwa miguu, kisha rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Mashine ya upepo ikiachiwa kazi yote hunyonga studi, zile bolti zinazopokea nati.

Matairi ya mtumba kutoka Japani yana mtego wake. Yanaonekana mapya, kashata (meno ya mpira yanayogusa barabara) ndefu, mpira mweusi mlaini, na bei inavutia. Soma ubavu: ukikuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak na iceGUARD, hilo ni tairi la theluji. Kashata yake imekatwa mistari mingi myembamba kama iliyochanjwa kwa wembe, na mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi. Kwenye lami ya joto linayumba, linaisha upesi, na siku ya mvua linachelewa kusimama. Vitz zinazoshuka bandarini zikiwa nayo zipo nyingi, kwa hiyo kagua hata yale yaliyokuja na gari lako.

Umri unasomwa kwenye maandishi ya DOT, tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzima na nyufa ndogo ubavuni limezeeka, halijatunzwa. Upande wa kuisha, tafuta alama TWI begani. Inaelekeza kwenye kivimbe kidogo ndani ya mfereji, chenye kimo cha mm 1.6. Kashata ikilingana nacho, tairi limekuwa kipara, hata kama fundi anasema litamaliza mwaka.

Upepo. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: tafuta kPa, kipimo cha upepo, kwa kawaida 220 au 230, ambayo ni 32 hadi 33 kwenye geji ya fundi. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Wapo wanaojaza 40 ili "lisile mafuta" au lisipate pancha. Kashata inaisha katikati, gari linaruka kama mkokoteni, na shimo linalolipasua tairi ni lilelile ambalo 32 ingelimeza. Wa 24 nao wanapata mabega yaliyolika na ubavu unaochemka safari ndefu, na ndio wanaopasukiwa. Kila tairi jipya lipewe valvu mpya.

Ukiwa na pesa ya mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Madereva wengi wanabishana na hili kwa sababu Vitz inavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza kwenye maji unahisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari limeshageuka. Kila kilomita 10,000 zungusha: ya mbele yaende nyuma moja kwa moja, ya nyuma yaje mbele kwa kupishana, isipokuwa yenye mshale wa mwelekeo, ambayo hubaki upande wake. Tairi la mbele likiisha ukingo wa ndani peke yake, kagua bushi za lowa-amu na tairodi, yaani mikono inayoshika na kugeuza gurudumu, kabla ya kulipia alaimenti, maana mashine inapanga kilichopo, na bushi iliyokufa inarudi ilikotoka jioni hiyohiyo.

Mwisho fungua buti. Kitairi chembamba cha akiba chenye saizi inayoanza na T kinataka 420 kPa, yaani 60 kwenye geji, na mwendo usiozidi 80. Karibu kila tunachokikuta hakina hata nusu ya upepo huo. Kwa aliyehamia 175/70R14 kitairi hicho kimekuwa kidogo zaidi kuliko wenzake, kwa hiyo pancha ikitokea mbele, toa zima la nyuma ulilete mbele na kitairi ukifunge nyuma. Kikikaa mbele, difu, meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele, inazunguka bila kupumzika hadi unapomfikia fundi.