Shokapu, springi au mifuko ya hewa: nini kinunuliwe kwanza kwa gari la njia mbaya za Tanga

Mtu anayetoka Tanga mjini na gari linalovuta kwa magurudumu manne hana haja ya kwenda mbali ili aijue hali ya miguu ya gari lake. Akipanda Usambara, akaipita Lushoto na kuendelea kuelekea Mtae, atakutana na mawe na makorongo. Akishika njia ya kusini kupitia Pangani hadi hifadhi ya Saadani, atakutana na mchanga na ule udongo mweusi unaonata mvua zinaponyesha. Na katika njia za vumbi za Handeni atatikiswa na matuta madogo yaliyofuatana kama bati la migongo. Kila njia huliumiza gari kwa namna yake, kwa hiyo kuvutiwa na gari la jirani lililoinuliwa si sababu ya kutosha ya kufungua pochi.

Kabla ya kulinganisha bidhaa, mnunuzi atambue ugonjwa. Springi hubeba uzito, ilhali shokapu, ambayo wengine huiita shokomzoba, hutuliza mrukoruko wa springi. Gari linalolala nyuma likipakiwa lina tatizo la springi. Gari linaloendelea kunesanesa baada ya kuvuka shimo lina tatizo la shokapu. Likigonga kwa mwendo mdogo, mkaguzi aanze na bushi, kwa kuwa si haki kulaumu shokapu kwa kosa la kipande cha mpira.

Kwa sababu hiyo, nafasi ya kwanza naipa shokapu mpya zilizo bora, zikifungwa pamoja na bushi mpya, huku springi za kiwandani zikiachwa mahali pake. Najua uamuzi huu hauwafurahishi wanaotaka gari lionekane refu, lakini kwa wenye magari wengi wa mkoa huu ndio wenye faida kubwa kuliko gharama yake. Kwenye njia ya bati la migongo shokapu hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, mafuta yaliyomo hupata moto na kuwa mepesi, na yakichanganyika na hewa hufanya povu. Hapo gari huanza kuelea na usukani kupoteza uhakika. Shokapu nzuri ni ile inayochelewesha hali hiyo.

Zipo za aina mbili kuu. Za mrija mmoja, kama Bilstein B6 ya Ujerumani, hutenganisha gesi na mafuta kwa pistoni inayoelea na hupoa haraka, kwa hiyo huwafaa wanaokwenda kasi kwa saa nyingi kwenye vumbi. Za mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, kama Heavy Track za Koni ya Uholanzi, Old Man Emu Nitrocharger za Australia na Foam Cell za Ironman, pia ya Australia, huchelewa kupoa, lakini zina jambo linaloniridhisha kwa safari za milimani: jiwe likibonyeza mrija wa nje, pistoni iliyo katika mrija wa ndani huendelea na kazi, ilhali kwenye mrija mmoja mbonyeo huohuo unaweza kuikwamisha. Anayepanda Usambara kila wiki achague mirija miwili. Mwenye bajeti ndogo ambaye gari lake halibebi mzigo mzito hatajuta akichukua KYB za Kijapani zinazofuata vipimo vya kiwanda, mradi asinunue bandia. Muhuri uliofifia na bei ya ajabu vitoshe kumtia shaka.

Nafasi ya pili ni seti kamili ya springi na shokapu inayoinua gari kwa takriban milimita 40 hadi 50. Hii inamfaa aliyefunga bampa ya chuma, winchi, keria ya juu au tangi la pili la mafuta, yaani uzito usioshuka. Springi za seti hizi huuzwa kwa madaraja ya uzito, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea: mnunuzi huchagua daraja zito kwa kudhani ugumu ndio uimara, kisha gari tupu linamrusha kama punda mkaidi. Gari lipimwe kwenye mzani likiwa limepakiwa kama linavyosafiri kwa kawaida, mbele peke yake na nyuma peke yake, na namba hizo zipelekwe dukani.

Umbo la gari nalo lina usemi. Land Cruiser nzito za familia ya 70, kuanzia toleo la 1999, zina koili (springi za kujiviringisha) mbele na springi za majani (vipande bapa vya chuma vilivyopangwa pamoja) nyuma, nazo huvumilia kuinuliwa bila malalamiko mengi. Prado, ambayo magurudumu yake ya mbele hujitegemea, ikiinuliwa kupita milimita 50 huzipinda sivii jointi (viungo vya ekseli za mbele) kupita kiasi, buti zake, yaani mifuniko ya mpira, hupasuka, na mchanga ukishaingia kinachofuata ni gharama.

Mifuko ya hewa inayowekwa ndani ya koili za nyuma naipa nafasi ya tatu. Ina maana kwa anayebeba samaki Jumamosi na kuendesha gari tupu siku nyingine, kwa sababu hujazwa na kupunguzwa upepo kulingana na mzigo. Hata hivyo mwiba au jiwe kali huitoboa, na haiponyi shokapu iliyochoka. Kwenye pikapu yenye springi za majani, kuongeza jani moja hufanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu, ila siku isiyo na mzigo mgongo wa dereva ndio utakaolipa.

Mwisho kabisa ni vipande vya kuinulia vinavyopachikwa juu ya koili. Niliwahi kufungiwa na fundi mmoja, shokapu zikaachwa zilezile. Gari lilipendeza kwa miezi miwili, kisha shokapu zikaanza kuvuja mafuta kwa kuvutwa hadi ukomo wake kila shimo. Shokapu zilizotumika zinazotoka ng'ambo sizipi nafasi yoyote, kwani hakuna anayeweza kuuona umri wake kwa nje.

Ufungaji hauhitaji miujiza, bali uangalifu. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, wala si likining'inia kwenye jeki, la sivyo mpira hubaki umesokoteka na kupasuka mapema. Yubolti (bolti zenye umbo la U) za springi za majani zikazwe upya baada ya kilomita 500 hivi. Gari lililoinuliwa lipelekwe kupimwa alaimenti (mpangilio wa magurudumu) siku hiyohiyo, na taa za mbele zishushwe, maana zitakuwa zikiwamulika machoni wanaokuja. Na kwa kuwa tunaishi kando ya bahari, chini ya gari paoshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya safari ya ufukweni, hasa kwenye fimbo ya shokapu, kwani kutu ikishaikwaruza, sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) huanza kuvuja hata kama shokapu ni ya bei kubwa.