Kakadu au Litchfield, ukiwa na watoto?

Zote mbili ni hifadhi za taifa kaskazini mwa Australia. Mkitoka mji wa Darwin na tenti na watoto nyuma ya gari, mi naanza na Litchfield. Ni karibu, kama saa moja na nusu hivi, lami mpaka kwenye maporomoko makubwa, na pale Buley Rockhole maji yanashuka kidimbwi kwa kidimbwi watoto wanajitosa tu, halafu njiani kuna vile vichuguu vya mchwa vyembamba vimepangika vyote kaskazini-kusini ili jua la mchana lisivichome, wangu waligoma kabisa kuondoka hapo.

Kakadu sasa ni kubwa balaa, karibu kilomita za mraba 20,000, kwa hiyo mtashinda kwenye gari na ile "bado tu?" mtaisikia sana. Ila michoro ya kale kwenye miamba ya Ubirr, na mamba wanaovizia samaki kwenye kivuko cha mto cha Cahills Crossing maji yakipanda, Litchfield huyapati. Kuogelea ovyo sahau, na maporomoko ya Jim Jim bila 4x4 hamfiki.

Wikendi tu? Litchfield. Wiki nzima na watoto wameshakua kidogo, Kakadu, ila nendeni kiangazi, Mei mpaka Oktoba, mvua zikianza barabara kibao zinafungwa.