Kiwanda cha magitaa cha PRS, Stevensville: pa kukawia na pa kupita

Atakayefika Stevensville, jimbo la Maryland, Marekani, akitegemea kukuta wazee wenye patasi wakichonga gitaa moja moja atashangaa. Sehemu kubwa ya umbo la gitaa la PRS huchongwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine za namna hiyo hazina siri, kwani hata viwanda vya magitaa ya bei ya chini vinazo. Tofauti ya bei iko kwenye yanayofuata. Mengi kati ya hayo hayana hata kelele: shingo zimepangwa kwenye rafu, zinangoja. Wageni wengi hupita hapo haraka, na hapo ndipo pa kukaza macho.

Kampuni ilianzishwa na Paul Reed Smith mjini Annapolis, Maryland, mwaka 1985, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikahamia ng'ambo ya ghuba, kwenye kisiwa cha Kent. Ukitoka Annapolis unavuka daraja la Chesapeake Bay, karibu kilomita 7 juu ya maji. Ushuru hulipwa ukielekea mashariki tu. Weka nafasi mapema na chagua siku ya kazi, maana karakana iliyozimwa ni ghala la mbao. Vaa viatu vinavyofunika vidole, funga nywele ndefu, na simama karibu na anayewatembeza, kwa sababu misumeno na vifyonza vumbi humeza sauti. Mwenye gitaa la PRS la toleo la SE ajue pia kwamba la kwake halikuzaliwa hapa: SE hutengenezwa Asia. Yanayotoka Stevensville ni ya matoleo ya Core, S2, CE na yale ya oda maalumu, Private Stock.

Ziara huanzia kwenye mbao. Nyuma ya gitaa kwa kawaida ni mahogani, na usoni ni mepo, mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Kipande kimoja cha mepo hupasuliwa kwa unene wake, kikafunguliwa kama kitabu, ndipo mistari ya kushoto na ya kulia ilingane. Nyuso zenye mistari iliyokolea kutoka ukingo hadi ukingo huuzwa kwa nyongeza kwa jina la 10 Top. Hiyo ni bei ya macho. Asiilipie mtu akidhani ananunua sauti.

Sasa zile rafu. Mbao ya gitaa hukaushwa hadi ibaki na unyevu wa asilimia 6 hadi 8 hivi, lakini kukauka peke yake hakutoshi. Ndani ya ubao mna mvutano, na kila unapoondoa nyama ya mbao, mvutano ule unahama na ubao unajipinda kidogo. Kwa hiyo shingo huchongwa ikiwa nene kuliko inavyotakiwa, ikaachwa itulie, ikachongwa tena. Ukiharakisha hatua hiyo, gitaa litatoka kiwandani likiwa limenyooka na litapinda likiwa kwa mnunuzi, ambako nyuzi sita za kipimo cha 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) huivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 45. Fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo hurekebisha shingo iliyoinama kama upinde. Shingo iliyojisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, fimbo hiyo haiiwezi.

Freti, vile vipande vya chuma vinavyovuka shingo, hazina mjadala, ni hesabu. Uzi wa PRS kwa modeli nyingi una urefu wa inchi 25, yaani milimita 635, katikati ya inchi 24.75 za magitaa ya Gibson na 25.5 za Fender. Freti ya kwanza hukaa milimita 35.64 kutoka kidaraja cha kichwani, ya 12 katikati kabisa, milimita 317.5. Baada ya kupigiliwa husawazishwa kwa tupa, kisha migongo yake huviringishwa upya. Freti iliyoinuka sehemu ya kumi ya milimita inatosha kuufanya uzi ukwaruze.

Kama muda ni mfupi, utumie kwenye chumba cha rangi. Rangi ya kwanza, nzito, hupakwa kwa kitambaa juu ya mepo tupu, kisha karibu yote huondolewa kwa msasa. Inayobaki ni ile iliyonywewa na nyuzinyuzi zilizokatwa kwa mshazari, nayo ndiyo inayochora mistari. Juu yake hupakwa rangi nyepesi, na ukingo wa mepo huachwa bila rangi, ndiyo maana gitaa linaonekana kama limezungushiwa utepe. Hapa ndipo makosa ya vyumba vya nyuma hufichuka. Tone la gundi lisilofutwa vizuri huziba mbao, na rangi ikipita linabaki doa jeupe. Mkwaruzo wa msasa uliokwenda kinyume cha nyuzinyuzi unageuka mstari mweusi. Rangi haifichi kitu, na kurekebisha maana yake ni kurudi kwenye mbao tupu.

Vanishi nayo ina subira yake: mahogani ina vitundu vinavyotakiwa kujazwa kwanza, na koti linalong'arishwa kabla halijakauka hadi ndani husinyaa baadaye na kuonyesha vitundu vile vile. Chumba cha kulehemu nyaya pita tu. Kazi ni safi, lakini cha kutazama ni kidogo.

Swali zuri la kumuuliza fundi ni la rozwudi, mbao ngumu inayotumika kwenye magitaa. Ile ya Brazili imebanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992. Mwaka 2017 jenasi nzima ya Dalbergia, ukiwemo mpingo, iliingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba huo, na magitaa yakakwama kwenye makaratasi ya forodha hadi vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipolegezewa mwishoni mwa 2019. Msamaha huo hauigusi rozwudi ya Brazili, kwa hiyo mwenye gitaa la mbao hiyo aulizie vibali kabla ya kukata tiketi.

Mwisho wa mstari gitaa hufungwa nyuzi na kupigwa. Ukipewa la kujaribu, usianze na kelele. Lipige bila kuliunganisha na spika, shika freti ya 12 kwenda juu, vuta kila uzi pembeni hadi sauti ipande noti nzima. Uzi ukizima katikati ya safari, kuna freti iliyo juu zaidi mbele yake, au nyuzi zimeshushwa mno.